Gokati: Kasi ndogo inayotaka akili kubwa

Watoto wa Kibera hawahitaji tiketi ili waonje mbio. Wanachohitaji ni ubao, misumari, kamba na beringi nne zilizotupwa na makanika. Beringi hupachikwa kwenye vijiti viwili vilivyokingama chini ya ubao. Kijiti cha mbele hushikiliwa na boliti moja ili kigeuke, na kamba iliyofungwa kwenye ncha zake ndiyo usukani. Mmoja anakaa, mwenzake anasukuma, mteremko unamalizia kazi. Breki ni kisigino cha kiatu, na asiye na kiatu shauri yake.

Kigari hicho ni ndugu wa damu wa gokati zinazokodishwa kwenye uwanja wa GP Karting, kando ya Barabara ya Lang'ata karibu na mkahawa wa Carnivore, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Hata gokati ya kwanza duniani ilikuwa kazi ya jua kali. Mwaka 1956, huko California, Marekani, fundi wa magari ya mbio aitwaye Art Ingels aliunganisha vyuma, akapachika injini ya mashine ya kukata nyasi, akaketi na kuondoka. Kufikia 1962, Shirikisho la Magari Duniani, FIA, lilikuwa limeunda tume ya kusimamia mchezo huo. Lewis Hamilton, bingwa wa Formula 1 mara 7, alianza kushindana katika gokati akiwa na umri wa miaka 8.

Wengi wanaokwenda kuendesha wikendi hawautafuti ubingwa. Wanasherehekea siku ya kuzaliwa, wametoka na wenzao wa kazini, au wanataka kumwonyesha mpenzi kwamba nao wamo. Hao ndio wanaopaswa kujua wamekalia nini.

Gokati nyingi za kukodisha zina injini ya petroli ya nguvu za farasi 6 hadi 9, na kasi yake huwa kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa. Abiria wa matatu ya Kawangware hashtushwi na mwendo huo. Huenda hata akasinzia. Lakini kwenye gokati umekaa sentimita chache tu juu ya lami, huna kioo wala mlango, na kila ufa wa barabara unausikia kwenye uti wa mgongo. Kilomita 50 unaziona 100.

Baada ya mizunguko michache mwili unazoea. Woga ukishatoka, mtu hujiona stadi, akaingia kona bila kupunguza mafuta. Bahati mbaya ni kwamba hesabu haizoei. Ukiongeza kasi maradufu, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Kugonga ukuta ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 6, yaani ghorofa ya pili ya zile nyumba za kupanga zinazochipuka Kawangware.

Gokati pia si gari dogo tu. Haina springi wala shoki. Haina difu: magurudumu mawili ya nyuma yamekazwa kwenye ekseli moja na huzunguka kwa pamoja. Breki za zile za kukodisha kwa kawaida hushika nyuma peke yake. Ukizikanyaga wakati umeshakunja usukani, mkia hukupita na unajikuta ukiwatazama waliokuwa wakikufuata. Mpangilio salama ni huu: funga breki gokati ikiwa imenyooka, achia, kunja kona, kisha kanyaga mafuta taratibu unapotoka. Mguu wa kulia ni wa mafuta, wa kushoto ni wa breki, na miguu hiyo haikanyagi kwa wakati mmoja.

Jambo linalowashangaza wageni ni mkanda. Gokati nyingi hazina, kwa sababu hazina fremu ya kumkinga dereva ikipinduka. Aliyefungwa angebaki chini ya chuma. Zile zenye fremu hiyo huwa na mkanda, na hapo kuufunga ni lazima.

Hatari inayodharauliwa kuliko zote ni nguo na nywele. Ekseli inazunguka nyuma ya kiti chako, karibu na mgongo. Skafu, leso, buibui linalopepea au rasta ndefu zinaweza kunaswa kufumba na kufumbua. Mwaka 2018, katika jimbo la Haryana nchini India, mwanamke aliyekwenda kustarehe na familia yake alifariki baada ya nywele zake kunaswa na gokati. Nywele zifungwe na kuingizwa ndani ya nguo au helmeti, mtandio uachwe kwa aliyebaki nje, na viatu viwe vya kufunika mguu.

Zaidi ya hayo, kinachomrudisha dereva nyumbani mzima ni mpangilio wa uwanja. Wote wanaelekea upande mmoja. Kila kichwa kina helmeti. Ukingoni kuna tairi za kupokea atakayepotea njia, na kuna msimamizi mwenye bendera anayeweza kumtoa mkaidi. Hakuna anayevuka kwa miguu.

Sasa linganisha na Barabara ya Naivasha pale Kawangware, ambapo bodaboda, mikokoteni ya maji, mama mboga na watoto wa shule wanagawana lami ileile. Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mijini, na Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale magari yanapochangamana na watembea kwa miguu. Kasi ya bodaboda pale ni ya gokati hasa, ila tairi za ukingoni hazipo, bendera haipo, na abiria wengi hawana helmeti. Kasi ni ileile. Kilichokosekana ni mpangilio.

Kwa hiyo ukienda kuendesha, sikiliza maelezo kabla ya kuwasha, tii bendera, usimgonge mwenzako kwa mzaha, na ukikwama baki kitini mpaka msimamizi afike. Ukikuta uwanja unaotoa gokati bila helmeti wala maelezo, dai pesa zako uondoke.

Na wazee wa mitaa, wawakilishi wa wadi na serikali ya kaunti wawakumbuke wale wa beringi. Kufunga kichochoro kimoja chenye mteremko Jumapili alasiri, kupanga tairi kuukuu chini yake na kutafuta helmeti chache si mradi wa mamilioni. Watoto watakimbia tu. Tuwape pa kukimbilia kabla hawajashukia barabarani.