Mionzi ya Infraredi na Daraja la Saratani ya Tezi Dume

Saratani ya tezi dume haithibitishwi na kipimo cha damu cha PSA pekee, kwa kuwa protini hiyo hupanda pia tezi inapovimba au inapopata maambukizo. Uthibitisho hutokana na vinyama vinavyotolewa kwa sindano, vikahifadhiwa katika nta ya parafini, vikakatwa vyembamba kuliko unywele, vikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Hapo mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma ugonjwa katika nyama ya mwili, hutoa alama za Gleason, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960, ambao hujumlisha madaraja mawili ya mpangilio wa vitezi. Saba ya 4 na 3 ni kali kuliko saba ya 3 na 4, na wataalamu wawili huweza kutofautiana juu ya kinyama kimoja, jambo zito kwa mwanamume ambaye matibabu yake yanategemea hesabu hiyo.

Spektroskopia ya infraredi husoma kemia kabla ya umbo. Mionzi hiyo isiyoonekana, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800, inapopita katika nyama, kila aina ya molekuli humeza mawimbi yake: protini karibu na mawimbi 1650 katika sentimita moja, fosfati za DNA karibu na 1080, na glikojeni, sukari ya akiba ya seli, karibu na 1030. Watafiti wa Manchester, Uingereza, walilinganisha vilele hivi viwili vya mwisho ili kutenga nyama yenye saratani na isiyo nayo; Rohit Bhargava wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake wakafundisha kompyuta kutambua aina za seli bila kutia rangi.

Mashine ya kusoma nyama kwa infraredi ina masharti. Kioo cha kawaida cha hadubini humeza mionzi ileile inayotafutwa, hivyo nyama hulazwa juu ya fluoridi ya bariamu, ambayo ni ghali. Mvuke wa maji, kama ule wa Ziwa Kivu unaoifikia mitaa ya Nguba mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, huchafua mchoro wa mawimbi yaliyomezwa, kwa hiyo hewa ya ndani ya mashine lazima ikaushwe. Tena vipokezi vingi hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Kwa Bukavu, basi, jambo la kutangulia ni kinyama kutiwa formalini mara kitokapo mwilini na kuhifadhiwa vizuri katika nta, kwani kilichotunzwa hivyo huweza kusomwa kwa infraredi hata miaka mingi baadaye.