Mwanamume Asiyeonekana Katika Kifungu cha 153

Hapa Eldoret kijana anayelipiwa kodi na mama mwenye pesa ana jina lake: Ben 10. Huko Mtwapa na Diani mwenzake huwangoja watalii wa kike ufuoni. Watanzania wangemwita marioo. Mitaani anajulikana sana, lakini ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, humwoni. Wanaodai kwamba kuwahalalishia wanaume kuwauzia wanawake ngono ndio usawa wa kijinsia, waanzie hapo.

Watu wazima wawili kulipana faraghani hakujatajwa kuwa kosa. Sheria hupiga pembeni: kushawishi wateja hadharani, kula mapato ya ukahaba, kuendesha danguro. Na inapopiga, inabagua. Kifungu cha 153 ni cha wanaume, cha 154 ni cha wanawake. Katika cha 153 kuna jambo linaloniudhi kila nikilisoma: mwanamume akithibitishwa kuishi na kahaba, au kuandamana naye kwa mazoea, anahesabiwa kuwa anakula mapato yake hadi yeye mwenyewe aithibitishie mahakama kwamba sivyo. Mzigo wa ushahidi umegeuzwa, ukatwikwa mshtakiwa. Tuseme mama mmoja hapa mjini anajiuza ili alipe karo. Mwanawe wa kiume, mtu mzima ambaye bado analala kwa mamake, anaweza kushtakiwa kama kuwadi kwa sababu tu wanaishi nyumba moja. Dadake anayelala chini ya paa hilo hilo hawekewi dhana hiyo na kifungu cha 154.

Maneno ya kifungu cha 153 hayakutungwa Kenya. Yanafuata karibu neno kwa neno sheria ya Uingereza ya mwaka 1898 kuhusu uzururaji, na wakoloni wakayaleta huku. Walioyaandika walimjua mwanamume kama kuwadi na mwanamke kama bidhaa. Kwamba mwanamke angeweza kuwa na pesa zake, akawa yeye ndiye mteja, halikuwapitia akilini.

Mwaka 2006 Bunge lilipata nafasi ya kurekebisha. Sheria ya Makosa ya Kijinsia, iliyowasilishwa na Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu, iliutoa ubakaji katika lugha ya zamani iliyomtambua mwanamke peke yake kama mwathiriwa. Kifungu chake cha 17 kinamwadhibu yeyote anayemtawala mwingine katika ukahaba kwa faida yake, bila kuuliza jinsia. Lakini vifungu vya 153 na 154 vya Kanuni ya Adhabu viliachwa mahali pavyo.

Kuhusu kuwapa wanaume kibali, tazama Nevada, Marekani, ambako madanguro ni halali katika baadhi ya kaunti. Kanuni zake za afya zilidai kila mfanyakazi apimwe mlango wa kizazi, kipimo ambacho mwanamume hawezi kufanyiwa. Kanuni iliporekebishwa mwishoni mwa 2009, mwanamume mmoja aliajiriwa, akaondoka baada ya miezi miwili hivi bila kufikisha wateja kumi. Mlango ulifunguliwa, na hali ya wanawake waliokuwa wakifanya kazi humo haikubadilika hata kidogo.

Ndiyo maana siungi mkono kibali cha wanaume peke yao. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inawapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa sawa, nami naipima kwa yule aliyeumizwa. Mwanamke aliyepigwa na dereva wa lori kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba, na kijana aliyelazimishwa na mteja wake kulala naye bila kondomu, wote wawili wanaogopa meza ya polisi. Mwanamke anahofia kufungiwa yeye badala ya aliyempiga. Kijana anahofia kuchekwa, kisha kushtakiwa kama kuwadi kwa kifungu cha 153. Bunge livifute vifungu hivyo viwili. Kwa makuwadi, wa kike kwa wa kiume, kifungu cha 17 kipo tayari, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5, faini ya shilingi 500,000, au vyote viwili.