JUA LA UTOSI: KIVULI CHAKO KIKIPUNGUA, JIHADHARI!

Leo tumjadili jamaa mmoja ambaye kila mtu hapa Dar anamlalamikia, lakini wanaozijua nyendo zake ni wachache. Ni jua la saa sita mchana, lile la kuchoma utosi mpaka unatamani kuingia kwenye jokofu.

Kwanza tuondoe uongo wa kijiweni. Wengi wanaamini saa ikifika sita kamili mchana, basi jua limefika kileleni. Kwa Dar es Salaam hilo halitokei hata siku moja! Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia jirani na Mogadishu. Sisi tuko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua linatuchelewa. Mapema Novemba linafika kileleni saa 6:06 hivi, na katikati ya Februari linajikokota mpaka saa 6:37. Mshikaji wa Kigoma ndiyo usiseme, Februari analisubiri mpaka saa 7:15! Ndiyo maana adhuhuri ya Kigoma inaingia baada ya ile ya Dar.

LINAHAMA KAMA MPANGAJI

Tena jua halikai pahala pamoja. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, mchana wa Dar jua liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linahamia kusini. Mama lishe anayejibanza upande wa kusini wa ukuta, Juni anauza wali wake kivulini raha mustarehe, Desemba anaungua na masufuria yake.

Katika kuhama huko linatupitia wima mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 3 na Oktoba 10. Siku hizo, jua likifika kileleni, simamisha chupa ya soda mahali tambarare uone kivuli kinavyoyeyuka. Wa Mwanza wao wanapitiwa katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba.

Makka nako linapita wima, Mei 28 na Julai 16. Saa za Saudi Arabia ni sawa na zetu, kwa hiyo Mei ni saa 6:18 na Julai ni saa 6:27 mchana. Dakika hiyo, ukilipa uso upande wa jua na kivuli chako kikabaki nyuma, umeelekea kibla. Wazee wa msikiti wanaweza kuhakiki mihirabu yao bure kabisa.

Lakini usilikodolee macho hata kidogo! Jua linaunguza ndani ya jicho bila maumivu, ukija kushtuka uoni umeshaharibika.

HAPA HAKUNA MZAHA

Sasa tuje kwenye la maana. Miale inayoharibu ngozi inakuwa mikali zaidi jua likiwa juu. Kipimo chake hakihitaji mashine: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua hilo ni kali, tafuta kivuli. Kwa Dar, mwezi Machi hali hiyo inaanza saa tatu na nusu asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri. Na wale wanaosema Juni ni baridi, jua halina neno, wanajidanganya. Hata Juni, jua likiwa kileleni, kivuli chako kinazidi kidogo tu nusu ya urefu wako.

Kwa wenzetu wenye ualbino hili ni suala la kufa na kupona. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuwakinga, na jua la miaka mingi linawaletea saratani ya ngozi, wengine wakiwa bado vijana wabichi. Ugonjwa huo unazuilika: kofia pana, mikono mirefu, mafuta maalumu ya kukinga jua, na kukaa ndani saa za hatari. Kule Moshi yanatengenezwa mafuta ya aina hiyo, yanaitwa Kilisun.

Sasa wewe mwalimu, unapomtoa mwanafunzi mwenye ualbino akafyeke nyasi saa saba mchana, eti ndiyo adhabu, unajua unachomfanyia? Na wewe bosi, kijana wa namna hiyo unampangaje kugawa vipeperushi barabarani wakati kiti cha ndani kipo? Hata wewe kaka unayecheka kofia ya mwenzako kwenye daladala, ile si fasheni, ile ni dawa.

Umoja wa Mataifa umetenga Juni 13 kuwa siku yao, lakini jua halisubiri Juni. Kesho mchana ukitoka, tupia jicho miguuni pako. Ukikuta kivuli kimejikunyata, mvute na mwenzako mkakae chini ya mwarobaini.