Kunyosha Misuli Kabla ya Mchezo: Je, Kwazuia Kuumia?

Kabla ya mpira kuanza, aghalabu wachezaji huonekana kando ya uwanja wakiinama kushika vidole vya miguu au wakivuta visigino nyuma, nao hukaa hivyo huku mwalimu akihesabu. Wengi walifundishwa tangu shuleni kwamba msuli ulionyoshwa hauchaniki. Neno hili liliaminiwa miaka mingi pasipo kupimwa, wala si neno dogo, kwa maana mkulima aliyechanika msuli wa paja Jumamosi hashiki jembe Jumatatu, na karani naye hupanda ngazi za ofisi akichechemea kwa majuma kadhaa.

Miongoni mwa waliolipima kwa uangalifu ni Waaustralia. Katika kambi ya jeshi ya Kapooka, jimbo la New South Wales, Bwana Rodney Pope na wenzake waliwagawa kwa kura makurutu 1,538, wote wanaume. Kila mmoja alipasha mwili joto kabla ya mazoezi. Lakini makurutu 735 walinyosha pia mafungu sita makubwa ya misuli ya miguu, kila fungu kwa sekunde 20, mbele ya msimamizi. Wale 803 waliosalia hawakunyosha. Mambo yaliendelea hivyo kwa majuma 12. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2000, walionyosha walikuwa wamepata majeraha ya miguu 158, na wasionyosha 175. Kwa kuwa vikundi havikulingana kwa wingi, hayo ni majeraha kama 22 kwa kila watu 100, upande huu na upande huu. Kilichowatenga watu kilikuwa jambo jingine: makurutu walioonekana dhaifu katika mtihani wa kukimbia ndio walioumia zaidi. Hapo karani akaaye kitini siku tano, kisha akaingia uwanjani siku ya sita kama kijana wa shule, apaswa kusoma mara mbili.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mara nyingi msuli wa nyuma ya paja huchanika mtu akimbiapo kwa kasi, mguu unaporushwa mbele na msuli ule ukaushika usipite kiasi. Msuli huo wavutwa na papo hapo wafanya kazi ya kuzuia, mfano wa mtu ashikaye kamba ya fahali anayeteremka mlima. Mtu huyo hahitaji kamba ndefu. Ahitaji mikono yenye nguvu. Kunyosha humzoeza mtu kuvumilia kuvutwa, akaweza kuinama zaidi, na hilo lawafaa sana wacheza sarakasi. Lakini mtu akiunyosha msuli mmoja kwa zaidi ya dakika nzima, nguvu zake hupungua kwa muda, jambo lisilomfaa anayengojea filimbi.

Nguvu ya kuzuia yaweza kujengwa. Nchini Denmark, timu 50 za mpira zenye wachezaji 942 ziligawanywa, baadhi zikapewa zoezi moja la kuongeza katika mazoezi yao ya kawaida. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba waliolifanya walichanika misuli ya nyuma ya paja mara 15. Wengine mara 52. Zoezi lenyewe halihitaji chombo chochote ila mwenzi. Mtu hupiga magoti mahali palipo laini, mwenziwe akamshika vifundo vya miguu barabara. Kisha hujilaza mbele polepole, mwili umenyoka toka magotini hadi kichwani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ashindwe. Hapo hujipokea kwa mikono na kujisukuma arudi juu.

Zoezi hilo si la dakika za mwisho kabla ya mchezo. Dakika hizo zatumika vema zaidi kwa kukimbia polepole, kisha kuongeza mwendo, kugeuka na kuruka, hata jasho lianze kutoka. Apendaye kunyosha kidogo baada ya hapo hatadhurika.

Wachezaji wa Denmark walianza kwa siku moja tu katika juma la kwanza, mikupuo miwili ya mara tano tano. Juma la tatu wakafikia siku tatu. Anayeanza kwa pupa huamka kesho yake mapaja yakimwuma hata kuketi ni taabu, na wengi huliacha zoezi siku hiyo hiyo.