Vumbi la Kokoto: Maji Kwanza, Barakoa Baadaye

Vumbi linalowatia hofu waponda kokoto ni lile linaloonekana, lile linalozitia weupe kope na nywele zao. Kumbe hilo ndilo lenye madhara madogo zaidi, kwani chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutoka na kamasi au makohozi. Chembe za kuogopwa ni zile zisizofikia maikromita 5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70. Hazionekani kwa macho, huelea hewani muda mrefu baada ya mtambo kuzimwa, nazo hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Katika mawe ya graniti, kama yale ya Mwanza, sehemu isiyo ndogo ya vumbi hilo ni silika. Seli za ulinzi huimeza, hushindwa kuiyeyusha, hufa, na mahali pake hubaki kovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kazi. Penye vumbi jingi mno, hata kabla ya miaka 5. Hakuna dawa inayoyaondoa makovu hayo, nayo huweza kuongezeka hata baada ya mgonjwa kuacha kazi.

Mponda kokoto anayefika zahanati akikohoa, amekonda na pumzi zinamwishia, hudhaniwa ana kifua kikuu. Dhana hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu silika hudhoofisha kinga ya mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu mara kadhaa. Makohozi sharti yapimwe. Lakini vimelea visipoonekana, na asiulizwe kazi yake, huweza kurudishiwa dawa zilezile mara ya pili na ya tatu. Swali la kazi anayoifanya sasa na alizowahi kuzifanya halina gharama, ila katika mafaili mengi halimo.

Kinga huanzia kwenye jiwe. Jiwe lililoloweshwa kabla ya kugongwa hutoa vumbi kidogo sana. Maji yakija baadaye, chembe hatari zimekwisha kupaa. Mitambo inyunyiziwe pale mawe yanapoingia na pale kokoto zinapodondoka kutoka kwenye mkanda. Kwa agongaye kwa nyundo, ndoo na chupa yenye kifuniko kilichotobolewa vinatosha. Aketi upande upepo unakotoka, na mtoto mchanga asilazwe kando ya rundo. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani.

Kanga iliyofungwa puani haizizuii chembe hizo. Barakoa ya N95 huzichuja ikibana uso sawasawa, jambo ambalo ndevu hulizuia, wala haichukui nafasi ya maji.

Nchini Tanzania, mwajiriwa aliyeugua kutokana na kazi anaweza kudai fidia chini ya sheria ya mwaka 2008. Anayejigongea kokoto zake hana mwajiri wa kumdai; kwake, miaka ya kazi iliyoandikwa kwenye faili na rufaa ya mapema ya eksirei ya kifua ndivyo vitu ambavyo zahanati inaweza kumpa.