Kufundisha Tungamo, Ujazo na Densiti kwa Asali na Mawese

Mwanafunzi wa shule ya msingi huja darasani akiamini kwamba kitu kikubwa ndicho kizito. Imani hiyo haiondoki kwa kukariri kanuni iliyoandikwa ubaoni. Huondoka pale vitu anavyovijua vinapopimwa mbele ya macho yake. Mwalimu atakayepangiwa Kagerankanda, au kwingineko katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, hana haja ya kutafuta zana mbali: asali hurinwa katika misitu ya miombo, na mawese hupatikana sokoni.

Yafaa kwanza kutenganisha dhana mbili. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nacho hupimwa kwa gramu au kilo. Ujazo ni nafasi inayochukuliwa na kitu hicho, nao hupimwa kwa mililita au lita.

Kisha zichukuliwe chupa tatu zinazolingana, zenye ujazo wa nusu lita. Kila chupa ipimwe ikiwa tupu, ijazwe, halafu ipimwe tena. Tungamo la chupa tupu litolewe. Maji yatakuwa na gramu 500, asali takriban gramu 700, na mawese takriban gramu 450. Kabla ya kupima, wanafunzi watabiri na waandike utabiri wao. Baada ya kupima waulizwe: ujazo ni mmoja, kwa nini tungamo si moja?

Hatua ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Zipimwe gramu 450 za kila kimiminiko. Mawese yatajaza chupa, maji yatafika mililita 450, na asali takriban mililita 320 tu. Sasa tungamo ni moja, na ujazo ndio unaotofautiana.

Hapo ndipo kanuni iingizwe: densiti ni tungamo kugawanya kwa ujazo. Maji yana gramu 1 kwa kila sentimeta moja ya ujazo, asali takriban 1.4, mawese takriban 0.9. Ndiyo sababu asali huzama katika maji, na mawese huelea juu yake.

Kosa moja huwapata wanafunzi wengi: hudhani kwamba asali ikipunguzwa, densiti nayo hupungua. Mwalimu amimine nusu ya asali, kisha apime upya. Tungamo na ujazo vitapungua pamoja kwa kadiri ile ile, na jawabu litabaki 1.4. Lakini asali ikichanganywa na maji, densiti itashuka, kwa kuwa maada yenyewe imebadilika.

Somo hili lina faida hata nje ya darasa. Dumu la lita 20 la asali lina takriban kilo 28. Mrina asali anayeuza kwa bei ya kilo, huku akihesabu lita moja kuwa kilo moja, hulipwa kilo 20 na kupoteza thamani ya kilo 8. Muuza mawese akihesabu hivyo hivyo, mnunuzi ndiye anayepunjwa, kwa maana dumu lake lina kilo 18 tu.

Mwanafunzi akiweza kumweleza mzazi wake hesabu hiyo kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu ajue kwamba somo limeeleweka.