Joto, Dang'a na Uhai wa Mtoto Mchanga Karagwe na Kyerwa

Mtoto mchanga hutoka katika tumbo la mama lenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi, akiwa ameloa, na kuingia katika hewa ambayo usiku wa Karagwe huwa ya baridi. Wilaya hiyo na jirani yake Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ziko katika vilima vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, vingi vikiwa na kimo cha kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyo juu ya ngozi yanapogeuka mvuke huuibia mwili joto, kama ajuavyo mwanafunzi yeyote wa fizikia. Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka. Mtoto mchanga hawezi. Yeye huunguza mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyo baina ya mabega yake, nayo mtoto njiti hana akiba yake ya kutosha. Ndiyo sababu mkunga humkausha mara moja, humlaza kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wala hamwogeshi kabla ya saa 24 kupita.

Hapo kifuani ndipo kunyonya kunapoanza, na inatakiwa kuanze katika saa ya kwanza. Maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, ni machache, mazito na ya rangi ya manjano. Wako wanaoyadhania kuwa machafu na kuyakamua yamwagwe, huku mtoto akinyweshwa maji ya sukari. Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa dang'a imejaa kingamwili zinazoulinda utumbo ambao haujapata kukutana na kijidudu chochote. Isitoshe, mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma nje na kuukaza mfuko wa uzazi ili damu isiendelee kutoka. Mtoto aliyeshibishwa maji hanyonyi, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Kisha mama huambiwa kwamba hana maziwa!

Kwa njiti, kifua cha mama huweza kuwa chumba cha joto. Njia hii, iitwayo huduma ya kangaruu, ilianzishwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 5 zilizoshiriki, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo kwa robo.

Lakini elimu hii haina faida ikiwa mama hafiki penye mkunga. Mwaka 2022, asilimia 81 ya uzazi nchini ulifanyika katika vituo vya afya, na bado watoto 24 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwezi. Kutoka vijiji vya Kyerwa vilivyo karibu na Mto Kagera hadi hospitali ya Isingiro, au vya Karagwe hadi Nyakahanga, safari ya wakati wa masika si jambo jepesi. Mpango wa M-mama umesaidia: simu hupigwa bure kwa namba 115, na pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango wala si na familia.

Mkoani Kagera kuna jambo jingine la kuangaliwa kwa makini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kwa miaka mingi akina mama waliliogopa titi lao wenyewe. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani virusi hupita katika maziwa. Hata hivyo, utafiti wa Durban uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine. Nchini Botswana, mwaka 2006, ilionekana kwamba watoto waliopewa maziwa ya kopo walikufa kwa wingi zaidi katika miezi 7 ya kwanza kuliko walionyonya huku wakipewa dawa. Leo mama anayemeza dawa zake kila siku hushauriwa kunyonyesha bila kuchanganya chochote, hata maji, kwa miezi 6, kisha kuendelea pamoja na vyakula vya nyongeza. Bila kinga yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Kwa kinga kamili hawafiki 5.

Mtoto naye hupewa dawa tangu kuzaliwa, na hupimwa afikapo wiki 6 hivi. Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakifai kwake, kwa sababu kingamwili za mama huweza kubaki katika damu yake hata miezi 18. Kwa hiyo hutafutwa kirusi chenyewe: matone machache kutoka kisigino hukaushwa juu ya karatasi, na karatasi hiyo husafirishwa hadi maabara.